Suruali Iliyokunywa Jua

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na bila kulazimishwa na mtu, kwamba Wazungu wametengeneza suruali inayokunywa jua. Unaianika mchana kutwa juu ya bati, inashiba, halafu alfajiri ukiivaa inakurudishia joto lile lile taratibu, kama chupa ya chai. Betri yake, tuliambiwa, ni kibanzi chembamba cha plastiki kilichoshonewa ndani ya pindo la mguu, ukubwa wa kidole gumba, na ukikimulika kwa tochi unaona ndani kitu kama nyaya. Habari hii ilivuka mpaka kutoka Nakonde pamoja na mabelo ya mitumba, ikalala Tunduma siku moja, na kufikia asubuhi yake hapakuwa na mtu sokoni asiyeijua. Na msinicheke upesi. Ule ulikuwa mwaka ambao kila aliyevuna kahawa Mbozi alipandisha paneli ya sola juu ya nyumba yake. Kama kioo cheusi juu ya bati kinaweza kuwasha taa na kuchaji simu ya baba mkwe, kwa nini kitambaa kinachong'aa, kilichotoka huko huko kioo kilikotoka, kishindwe kupasha magoti ya mtu mmoja?

Aliyenipa habari hiyo ni Mzee Maulidi, Mrangi wa Kondoa, muuza mitumba, na mwanafunzi mwenzangu wa dawati moja ingawa alinizidi umri wa kutosha kunizaa na chenji ikabaki. Mwezi uliopita tulimsomea arobaini yake. Nilitoka Nanyala, ambako sasa nina duka la vipuri vya pikipiki ambalo, nisijisifu, halina mpinzani kuanzia pale hadi Afrika Kusini, nikaingia Tunduma na mfuko wa shangazi kaja mkononi. Watu wengine walileta mchele. Mimi nilileta suruali nyekundu, imefuliwa, imekunjwa, kwa sababu niliona si haki mtu yule aombewe dua na yenyewe isiwepo. Njia nzima nilikuwa nakumbuka mwaka mmoja tu, mwaka ule tulipochagua suruali.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na kazi mbili. Alfajiri nilipeleka mikate Ileje kwa pikipiki. Jioni nilikuwa kidato cha nne katika shule ya watu wazima, ndani ya darasa la kuazima, kwenye madawati ya watoto wadogo, kiasi kwamba ukikaa magoti yanapita masikio. Kazi ya kwanza ililipia ya pili. Barabara ya Mpemba kwenda Isongole ilikuwa bado haijaonja lami, inapanda na kujipinda kama inayokimbia deni, na kuanzia Juni baridi ya kule haina adabu. Ukimsalimia mtu saa kumi na mbili asubuhi salamu inaganda njiani. Anaisikia saa nne, jua likishatoka. Msimu wa mwaka uliotangulia baridi hiyo ilinilaza hospitali kwa kichomi, nikatoka nimebaki mbavu na macho, na hadi nipate nguvu mtihani ulikuwa umeshapita. Daktari aliniambia kifua kile hakina nguvu ya kurudia mchezo huo. Mwenye mikate akaniambia nikikosekana tena njia ile atampa mwingine. Na Mwalimu Kibona, aliyetufundisha masomo yote pamoja na yale asiyoyajua, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba mwanafunzi wa jioni akikosa mtihani mara mbili huwa harudi. Kwa hiyo mambo yalikuwa mafupi: nikiugua, mikate inakwenda, mikate ikienda, shule inakwenda nayo. Koti nilikuwa nalo. Tatizo lilikuwa miguu. Baridi ya pikipiki haianzii kifuani kama watu wanavyodhani. Inaingilia magotini, inapanda na mapaja, na ikifika kifuani inakuwa imeshazoea nyumba.

Kibanda cha Mzee Maulidi kilikuwa na chumba cha nyuma kilichonuka dawa ile wanayopulizia nguo huko zinakofungwa, harufu ambayo mpaka leo ikinipita puani naona njaa, maana humo ndimo tulimokula. Viti vilikuwa mabelo yenyewe. Mgeni wa kawaida alikalishwa juu ya belo la mashuka. Mgeni wa heshima, belo la mapazia. Chakula kilitoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa mama lishe aliyeitwa Mama Jeni, Mnamwanga mwenye sauti ya kuita watu walioko Zambia na wakaitika. Ugali, maharage, na dagaa wa Mpulungu waliokaangwa hadi wakasahau kwamba waliwahi kuwa samaki. Mbao zile zilikuwa na nyufa, kwa hiyo ulikula huku unasikiliza madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka: nani kaachwa na mke kwa simu, nani kashikwa na mzigo wa mahindi Nakonde, nani anasema Tunduma ni mji mzuri ila hauishi. Ilikuwa shule yangu ya mchana. Nilipofika ile ya jioni nilikuwa nimeshajua jiografia ya nchi sita, pamoja na tabia za maofisa wa mipaka yake.

Wazambia huita mitumba salaula, maana yake kupekua ndani ya lundo hadi upate chako, na sisi tulilipenda neno hilo kwa sababu ndivyo kazi ilivyo. Lakini Mzee Maulidi hakupekua, alipima. Suruali ya baridi ilikuwa na mitihani yake. Kwanza alikuwekea upande mmoja wa kitambaa shavuni, yeye akaweka mdomo upande wa pili, akapuliza kwa nguvu za mapafu ya Kondoa. Ukihisi pumzi, hiyo iweke chini, upepo wa Ileje ni mkubwa kuliko Maulidi. Kisha alimwaga chai ya baridi juu ya paja la suruali; chai ikibaki imekaa duara kama shanga, sawa, ikizama, hiyo muuzie mtu wa Kyela kwenye joto. Kisha zipu ya chini lazima imeze buti la mvua lote bila kulalamika. Mwisho kabisa, akishapiga magoti kama daktari, alibonyeza mapindo kwa kidole gumba, polepole, akitafuta betri. Nilimwona akikataa suruali nzuri mno, ambazo ungeweza kuolea, kwa sababu kidole hakikukutana na kitu.

Mei ile alifungua belo lililojaa majaketi ya watoto, na katikati, kama zawadi, suruali mbili za baridi. Alinitumia ujumbe nikaja na njaa yangu na matumaini. Moja ilikuwa nyeusi, imetulia, nene, ya kuweza kwenda nayo hata kanisani ukikaa viti vya nyuma. Ya pili ilikuwa nyekundu. Nasema nyekundu kwa sababu Kiswahili hakina neno kubwa zaidi. Ilikuwa na kifua na mikanda ya mabegani kama ya mtoto anayejifunza kutembea, na makalioni imesuguliwa na Mzungu fulani aliyekaa sana. Zote mbili zilifaulu pumzi, zote zilifaulu chai. Mkono wangu ulikuwa umeshaikumbatia nyeusi. Mzee Maulidi akapiga magoti, akabonyeza, akabonyeza tena, akanyanyua uso.

“Nyeusi haina,” akasema. “Nyekundu inayo.”

Nikamwambia, “Mzee, nikipita Isongole na rangi hiyo wataniomba vocha.”

Kutoka upande wa pili wa ukuta Mama Jeni, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema, “Afadhali vocha. Mimi kwenye ufa huu naona mtungi wa gesi.” Madereva wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na dagaa, ikabidi apigwe mgongo. Niliwaza Ileje yote ikinitazama, na hasa niliwaza binti mmoja wa Isongole ambaye sura hii haimhusu. Nikaanza kueleza uzuri wa nyeusi: mishono mizima, urefu wa kufaa, rangi ya mtu mwenye malengo. Mzee Maulidi alinisikiliza hadi nikaishiwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ili Mama Jeni asipate faida:

“Festo mwanangu, unataka kupendeza au unataka kufaulu?”

Nikachukua nyekundu. Ile nyeusi ilinunuliwa saa hiyo hiyo na dereva wa Lusaka aliyekuwa bado anafuta machozi ya kicheko, akaondoka nayo ameivaa, na mimi nikamwonea huruma, mtu mzima anakwenda safari ndefu na suruali isiyo na betri.

Tangu siku hiyo nilikuwa na ratiba kama ya mfugaji. Nikirudi kutoka Ileje niliitandaza juu ya bati, pindo la betri likielekea jua, na jua likihama nilipanda ngazi kuigeuza. Majirani walinipa jina ambalo sitaliandika. Lakini alfajiri nikiivaa, ndugu msomaji, joto lilikuwepo. Nasema lilikuwepo. Kuna siku nilipofika mlima wa kwanza ilibidi nifungue zipu kidogo nipumue, huku watu barabarani wamejifunga mablanketi hadi macho. Niliwaambia wenzangu wa jioni kwamba naweza kuchemshia maziwa kwenye goti, na hakuna aliyebisha kwa sauti. Mwalimu Kibona alipofika kwenye mada ya nishati na namna inavyobadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, nilinyanyuka na magoti yangu yote nikaeleza suruali. Aliniomba niilete. Kesho yake alikishika kile kibanzi mbele ya taa, akakitazama kwa muda unaotosha kuoa, watu wazima wote tumenyoosha shingo, fundi seremala, wauza nguo, mama wa vitenge na polisi mmoja. Kisha akageuka ubaoni na kuandika, nadhifu, kwamba nishati ya jua hubadilika kuwa ya kemikali na kisha kuwa joto, akachora na mshale. Tulinakili mshale. Mzee Maulidi alinipiga kiwiko cha ubavuni kilichoniuma hadi Ijumaa, na nikamwona akijikaza asitabasamu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwanzo wa elimu ile.

Wiki moja ya Julai jua lilikataa kutoka. Ukungu ulishuka ukakaa, bati likawa linadondosha maji mchana, na suruali ikawa inalowa badala ya kushiba. Nilikwenda kibandani jioni kabla ya kipindi nikamwambia mzee ukweli: haina chaji, kesho siendi. Nilisema siendi lakini sote tulijua maana yake, mikate ilikuwa na watu wengine walioitaka. Akaliomba pindo. Akalibonyeza, akaliweka sikioni, akasikiliza. Akaniambia bado ina akiba, vitu vya Wazungu haviishi ghafla. Nilikwenda.

Kwenye kona moja ya juu, penye miti ya misindano, ng'ombe alitoka ndani ya ukungu kama anayetoka chumbani kwake. Nilimkwepa. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Pikipiki iliandika herufi ambayo sijawahi kuisoma, tukashuka wote watatu, mimi, chombo na kreti, bondeni kwenye magugu. Niliposimama, maana yake nilipojaribu kusimama, pikipiki ilikuwa imelalia mguu wangu na haina mpango wa kuondoka. Simu iliangukia mahali fulani juu ya mteremko, nisikofika. Nilijua iko hai kwa sababu ilianza kulia. Bila shaka alikuwa Mama Tumpe wa Isongole, mwenye hoteli, ambaye chai yake haikuwa na maana bila mikate yangu. Ililia, ikanyamaza, ikalia, ikanyamaza. Magari yalipita barabarani, nikapaza sauti, ukungu ukaimeza sauti na kujifuta mdomo. Basi nikafikiri kama msomi. Chaji ni ya akiba, nikapanga, nikijitikisatikisa inaisha. Nikatulia kama maiti ili kubana matumizi. Nilikula mkate uliolowa na kuwaza mtihani, mada moja moja, na nilipofika kwenye nishati nikaliangalia goti langu jekundu nikaliomba lisiniangushe. Ni mara pekee katika maisha yangu niliyoongea na nguo. Na niseme hapa, kwa kuwa mpaka sasa nimekuwa natamba, kwamba niliogopa. Si kufa, mtu wa miaka ishirini na minne hafi. Niliogopa kukohoa.

Yaliyotokea Tunduma nilisimuliwa baadaye na Mama Jeni, na ninayapunguza kwa sababu yeye huongeza. Mama Tumpe alipiga simu kwa mwenye mikate, mwenye mikate akaenda kuulizia kibandani. Mzee Maulidi alikuwa anauza. Alikuwa mtu ambaye hata Idi alifungua kidogo, kuonja soko. Na tangu ahamie mkoa wetu hakuwahi kupanda Ileje, alisema milima ni ya watu waliopoteza kitu huko. Aliacha wateja wamesimama na nguo mikononi, akamwambia Mama Jeni aangalie, akaingia kwenye Kenta iliyokuwa inapeleka simenti, na kila kona alimsimamisha dereva, akashuka na kandambili zake, akachungulia bonde, akaita jina langu, akapanda tena. Dereva alilalamika kwamba safari ile alifunga breki kuliko mwaka mzima.

Mimi nilichosikia ni kandambili. Zilikuwa zinashuka kwenye matope zikipiga makofi, na nyuma yake pumzi ile ile iliyokuwa inapima suruali. Akasimama juu yangu, ametapakaa udongo hadi ndevu.

“Nimekuona kutoka kona ya juu kabisa,” akasema. “Kila kitu cheupe, halafu wewe. Ungechukua ile nyeusi ningepita, mpaka Malawi.”

Yeye na dereva wakanyanyua pikipiki. Kabla hajauliza mguu, kabla hajauliza mikate, aliingiza kiganja ndani ya suruali, nyuma ya goti, akakiacha pale.

“Chaji ipo?” nikamuuliza.

“Ipo,” akasema.

Mguu ulivimba ukawa wa watu wawili, lakini kifua hakikukohoa hata kwa adabu. Na njia ya mikate haikwenda kwa mtu, kwa sababu hadi nilipoweza kukanyaga, aliyekaa kwenye Kenta kila alfajiri ameshikilia kreti zangu alikuwa muuza mitumba wa Kondoa, amejifunga mashuka mawili ya belo, anaisema vibaya milima yote kwa majina. Novemba tulikaa mtihani, yeye kiti cha mbele yangu. Kwenye karatasi ya fizikia walitutaka tutoe mfano wa kifaa kinachotumia nishati ya jua. Niliandika kwa Kiingereza changu cha jioni: suruali. Niliona bega la Mzee Maulidi likiandika kitu kifupi na nikajua ni hicho hicho. Tulifaulu. Mimi kwa alama ambazo nikizitaja leo naziongeza kidogo. Yeye kwa zile alizoziandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda na kuziacha hadi mvua ya masika.

Nimefikiria mara nyingi kwa nini sikuwahi kuichunguza habari ile, mtu mwenye cheti. Simu yangu ya sasa ingenijibu kabla sijamaliza kuuliza. Nadhani sikuwa na haja. Niliishi na suruali ile misimu mingi, na ilipochoka niliitunza, na kila tulipokutana na mzee alibonyeza hewani kwa kidole gumba kabla ya kunipa mkono.

Siku ya arobaini, baada ya dua, nilimkuta binti yake Zuhura uani, karibu na masufuria ya pilau. Nilimjua akiwa na sare ya shule ya msingi. Sasa ni muuguzi Norwei, na kwenye mazishi hakuwahi kufika, ndege zilimchelewesha. Aliniita anko kama zamani, akanikalisha. Nikafungua mfuko, nikamsimulia yote kwa utamu niliokuwa nao, chai na shavu, mtungi wa gesi, mshale wa Mwalimu Kibona, kandambili. Alicheka mpaka wanawake wa masufuria wakageuka. Kisha akaipakata suruali magotini kwake na kidole gumba chake kikateremka kwenye pindo, polepole, kama alivyofanya baba yake, kikasimama. Akabonyeza tena. Nikamwambia, kwa sababu nilitaka ajue mzee alikuwa mtu wa vipimo, kwamba hiyo ndiyo betri yenyewe.

“Hapana, anko,” akasema. “Hizi ni suruali za kuteleza kwenye theluji, kule wanavaa kwa mchezo. Joto ni la pamba tu. Na hiki hakina chaji wala hakijawahi kuwa nayo. Theluji ikiporomoka ikamfukia mtu, wanaomtafuta wanapita juu na mashine, na hiki kinairudishia mashine ishara, wanajua achimbwe wapi. Hakipashi kitu. Kimewekwa ili ukipotea, upatikane.”